Shubiri Mbili za Baba Mkwe

…na gundi nayo imekataa, ule utepe wa kunata pande mbili, umeng'ang'ania rangi ukaachia chuma, kipande cha rangi kimebanduka kama ganda la kidonda, nacho kiko pale pale macho ya mama mwenye nyumba yanapofika akikaa mlangoni, na ndiye huyo kakaa mlangoni, ungo mapajani, anapeta mchele, "Mwanangu, msumari sitaki, waliokutangulia waliniachia ukuta kama chekeche," na yeye mpangaji yuko juu ya stuli, mikono juu, ameukumbatia mti wa chuma wenye ndege watatu, kazi ya baba mkwe, mchomelea mageti, ndege wawili wakubwa na mmoja mdogo, huyo mdogo ndiye mwanawe huyu anayemvuta pindo la gauni huku chini, mti umelala nyuma ya kabati tangu uletwe, na leo aliyeuunda yuko njiani, ataingia na macho yake yale yasiyosema kitu… "Litakuangukia hilo!" "Nimelishika, mama," macho yale, siku ile alipokuja kumwona mjukuu, hakukaa, alikwenda dirishani, akalishika bomba la pazia, akalizungushia vidole, kisha akatandaza kiganja juu yake, gumba mpaka kidole cha mwisho, mara moja, mara ya pili, kama anayetafuta vumbi, na vumbi lilikuwapo, mzazi mwenye kichanga anafua mapazia saa ngapi, akatazama vidole, akavipangusa kwenye suruali, akaaga, naye akabaki analia, kesho yake akafua pazia, na kitambaa cha meza kisicho na kosa, na mume alipouleta mti, baba kakupa zawadi, moyoni alisema, zawadi ya kunifichia uchafu… lakini huu mti, sasa umekaribia pua yake, mbona una pembe? Vyuma viwili vimepinda kwa nyuma juu, siku zote alidhani ni matawi yaliyokunjika njiani, lakini vimepinda sawasawa, kama vidole vya mtu aliyeshika kitu, ameshika nini? na huku mgongoni, vifungo hivi vyeusi, vitatu, na alama ya cha nne, hicho alikikwangua mwenyewe kwa kisu akidhani ni lami, anakibonyeza kimoja kwa gumba, kinabonyea, mpira, mpira wa tairi, nani anavisha chuma viatu, ila anayeogopa kisikwaruze… "Mbona kimya huko juu? Umekwama?" "Sijakwama, naangalia tu." "Unaangalia nini, ukuta mtupu?" ukuta mtupu, ndiyo, na juu yake lile bomba, ncha zake zimezama ukutani tangu nyumba ijengwe, dirisha lilipopunguzwa bomba likabaki refu, kipande kimepita dirisha hakina pazia wala kazi, urefu gani kile? anauegemeza mti kifuani, anatoa mkono mmoja, anatandaza kiganja juu ya mti, pembe mpaka pembe, shubiri mbili na ziada, lakini mkono wake mdogo, kwa ule mkono wa kuchomelea mageti zingekuwa mbili kasoro, mara moja, mara ya pili… hakuwa anatafuta vumbi. Alikuwa anapima. Alijua ukuta ni wa watu, alijua kabla yeye hajakatazwa msumari, akaenda kuwaza mpaka mpira wa kuweka mgongoni, na yeye kwa miezi yote amemnunia mtu kwa kumpimia ndege… "Shuka basi, utapata kizunguzungu." "Sasa hivi, mama," na hashuki, mikono imekufa ganzi, mtoto bado anavuta pindo, bomba liko hapo juu kidogo tu ya kichwa chake, linazingoja pembe zile, lakini kile kifungo cha nne, autoe wapi mpira mweusi kabla hodi haijapigwa, ile ndala iliyokatika, kisigino chake kitafaa, mzee ataona kwamba kimoja si chake, lazima ataona, atapitisha kidole, atakipangusa kwenye suruali, na yeye safari hii atamwekea kiti pale pale dirishani, amwache aangalie mpaka achoke.