Atomu na Maji Moto ya Kavimvira

Bwana yangu Evariste na yaya Antoine, kaka yangu mkubwa, waliniharibia Jumapili zote tangu uhuru. Wanatoka misa, wanakaa, naweka bugali na mukeke wa ziwani, na kabla sijanawa mikono wamekwisha kuanza: Kongo hii itapata umeme wake wapi?

Antoine alisoma Léopoldville na kuiona kwa macho yake ile mashini ndogo ya atomu ya chuo kikuu. Alisema uranium iko yetu, ilichimbwa Katanga ikaenda kunufaisha wengine, na kipande cha kujaa kiganja kinashinda msitu mzima wa kuni. Evariste alikuwa fundi wa mota. Huko Katanga alifanya kazi kwenye mgodi uliopata umeme kwa maji moto ya ardhini. Yeye alisema maji moto ya Kavimvira, hapa jirani, yanachemka bure usiku na mchana, hayalipuki, na takataka zake hazitaua wajukuu. Antoine anamjibu kwamba umeme ule ulitosha mgodi mmoja tu, na nchi si mgodi. Vichwa vigumu wote wawili. Minye sikuwa na upande, nilitaka tu wale samaki kabla hawajapoa.

Mwaka 1964 waasi wakauteka mji wetu wa Uvira. Barabara zikafungwa, mafuta ya mazutu yakaisha, mota ya umeme ikanyamaza. Komanda wao akasikia kuna fundi anayeweza kutoa umeme kwenye maji. Nani alikuwa hajasikia? Evariste alilitangaza hata kwa wabadilisha pesa wa mpakani! Wakampeleka Kavimvira na watu wa kuchimba, komanda akaapa kwamba umeme usipopatikana, huyo ni mdanganyifu. Wadanganyifu walikuwa wanapigwa risasi.

Wakati ule mtu aliyesoma alijificha. Kaka yangu alikwenda mwenyewe mbele ya bunduki, minye nikamfuata nyuma na chakula kichwani. Akamweleza komanda polepole: maji haya ni machache, joto lake halitoshi kusukuma mashini, na mabomba ya kazi hiyo hayako Uvira. Fundi huyu hakudanganya, amekosea tu. Amrudishe nyumbani.

Komanda alikuwa amechoka na matope. Akamgeukia Evariste, akamwambia kama ni kweli amekosea, aseme, achukue mke wake aende.

Neno moja tu. Nikamkazia macho akubali. Lakini alikuwa anamtazama Antoine, na ile sura niliijua, ilikuwa sura yake ya Jumapili. Nikaogopa sana.

“Sikukosea,” akasema. “Tukichimba zaidi, yatatosha. Shemeji anajua atomu tu.”

Komanda akambakiza aendelee kuchimba. Nilimkasirikia, na hasira hiyo ningali nayo. Jeshi la serikali liliporudi, waasi walipanda milimani wakaenda naye. Hakuonekana tena. Shimo lake liko palepale, watu wanaogea.

Antoine bado anakuja kila Jumapili. Anasogeza sahani pembeni, anaanza: maji ya Kavimvira, kama wangechimba zaidi, yangetosha. Ananieleza joto, mvuke, takataka, kila hoja ya Evariste bila kuruka hata moja. Mara ya kwanza nililia mpaka akanyamaza. Siku hizi naweka samaki mezani, nakaa kwenye kiti cha mbele yake, namuuliza:

“Na atomu je, yaya?”