Mdomo Uliofungwa Neulchi

Pyo Geum-rye alipozinduka baada ya kupasuliwa shingo, alifungua kinywa kuomba maji, ikatoka sauti ya mwanamume. Akageuza macho kutafuta nani aliyesema. Chumbani alikuwa peke yake.

Daktari alimweleza taratibu. Uvimbe umetoka wote, maisha yapo. Ila mshipa mdogo wa fahamu unaokaza nyuzi za sauti ulikuwa umezama ndani ya uvimbe ule, hapakuwa na namna ya kuuokoa.

"Kwa hiyo sitaimba?" aliuliza.

"Utaongea vizuri tu, mama."

"Sikukuuliza habari ya kuongea."

Kwa miaka ishirini na minane mwanamke huyu alikuwa ameishi kwa wimbo mmoja, "Kituo cha Solgae". Ni wimbo wa mwanamke aliyeitwa arudi kwa mtu asiyemtaka. Treni ikafika kituoni, milango ikafunguliwa, naye akabaki kwenye kiti chake. *Treni ya saa tano imepita Solgae, nami sikushuka.* Hapo kwenye "sikushuka" sauti yake ilikuwa ikipanda, inapanda, hadi msikilizaji anashika kifua akidhani itakatika. Haikukatika hata mara moja. Madereva wa malori waliujua wimbo ule, wauza samaki waliujua, mabwana harusi walevi waliuharibu kwenye vyumba vya karaoke nchi nzima.

Meneja wake, Tak Jong-man, alikuja hospitali na kapu la matunda. Akakaa, akakohoa, akasema, "Dada, umefanya kazi vya kutosha. Fungua mgahawa wa supu. Jina lako pekee litajaza viti." Kisha akaongeza, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba tarehe zake zote za mwaka ule ameshampa binti mmoja wa miaka ishirini na miwili.

"Basi chukua na matunda umpelekee," Geum-rye akamwambia kwa ile sauti mpya ya kukwaruza. "Njia ni ndefu, atasikia njaa."

Alipotoka hospitali alikwenda kwa kaka yake mkubwa, akateremsha darini akodiani ya marehemu baba yao, kinanda cha kuvuta kwa mikono alichokuwa akikipiga masokoni kuwakusanyia wauza dawa wateja. Mwaka mzima alijifungia na kinanda kile, kifuani kikimvuta mabega, vidole vikimuuma. Alitafuta sauti yake imelala wapi. Aliikuta chini kabisa, mahali ambapo hajawahi kushuka. Ilikuwa nzito, ina mikwaruzo kama mlango wa ghala, lakini ilikuwa inasimama mahali pake na haiyumbi. Akanunua gari dogo lililokuwa likisambaza tofu, jibini la soya, akalipakia akodiani na nguo mbili za jukwaani, akaanza kuwapigia simu wenye matamasha mwenyewe. Wengi walikata. Wachache, kwa ajili ya jina, walisema njoo.

Mwezi wa Juni mwaka wa tatu tangu kupasuliwa, alikuwa na miji mitatu kwa siku tatu: Sangok milimani, kisha Neulchi ng'ambo ya milima, kisha Galmok kwenye pwani ya kusini.

Sangok walikuwa na tamasha la matikiti. Alipoimba ubeti wa kwanza tu, mzee mmoja mwenye uso mwekundu kwa pombe ya mchele akasimama.

"Dada! Umemeza chura?"

Watu wakacheka. Geum-rye hakuacha kupiga.

"Nimemmeza, kaka, na bado ana njaa! Sogea mbele akuone vizuri."

Kicheko kikahama, kikamwangukia mzee. Lakini makofi ya mwisho yalikuwa ya heshima tu, yale ya kumsindikiza mgeni. Akiwa anashuka alimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake, "Maskini. Ile ya zamani ilikuwa sauti." Mwenzake alikuwa ameinua simu, anarekodi.

Asubuhi yake mvua ilikuwa nyembamba. Gari la tofu lilipanda mlima kwa gia ya pili, nyuma yake lori la nguruwe likipiga honi. Geum-rye alitoa mkono dirishani akalipungia lipite kama lina mbawa. Halikuwa nazo, likatulia. Pale juu kabisa simu ililia. Alikuwa Bwana Maeng, mwenyekiti wa tamasha la vitunguu saumu la Neulchi.

"Mheshimiwa msanii! Umekula? Barabara iko salama?"

"Nimekula, mwenyekiti. Sema."

"Ehe. Tumeiona video ya jana. Sasa, sisi tumeonelea, kwa manufaa yako mwenyewe, tupige ile rekodi ya zamani. Wewe unasimama, unapendeza, unachezesha mdomo. Dakika nne. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Wewe si unajua mambo mengi, hili moja lina uzito gani?"

"Mwenyekiti, mlinialika niimbe. Nikija naimba. Hamtaki, semeni sasa nigeuze gari, hapa pana nafasi."

Maeng akacheka kicheko cha mtu asiyefurahi. Mabango yalikuwa yamebandikwa wiki tatu, akasema, hawezi kuuambia mji mzima kwamba Pyo Geum-rye haji. "Njoo tu. Tutaelewana."

Hata kona tatu hazijapita, simu ikalia tena. Safari hii ni Tak.

"Dada, nasikia unasumbua watu."

"Umesikia wapi?"

"Mwenyekiti kaniomba ile rekodi nimtumie. Nimemtumia. Dada yangu, nakwambia kama ndugu: wale watu wamekuja kumsikiliza Pyo Geum-rye. Usiwanyime."

"Na mimi ni nani, Tak? Muuza tofu?"

Akakata. Alisimama kwenye kibanda cha tambi chini ya mlima, akala bakuli zima na kachumbari yote ya figili iliyokuwa mezani, akaagiza jingine. Alikuwa mtu ambaye hasira humtia njaa.

Neulchi walikuwa wamejenga jukwaa kando ya mto. Mvua ilikuwa imekatika. Vitunguu saumu vilining'inia kila mahali, kwenye nguzo, kwenye uzio, hadi shingoni mwa mshereheshaji. Watu mia tatu hivi walikuwa wamekaa kwenye mikeka ya plastiki, wengi wao wanawake waliokwisha kuzeeka, na kofia zao za shamba.

Maeng alimpokea kwa kuinama sana, akamshika mkono kwa mikono miwili. Habari ya rekodi hakuitaja hata neno. Fundi wa mitambo, Bwana Ok, mwanamume wa makamo mwenye penseli sikioni, alimfungia maikrofoni kwenye akodiani akiwa hamtazami usoni. Geum-rye akadhani ameeleweka.

Mshereheshaji akaliita jina lake kwa kulivuta kama mpira. Akapanda, akainama mbele ya watu, akavuta pumzi. Kabla hajagusa kitufe, spika zikaanza wenyewe. Zilipigwa fidla, zikapigwa ngoma, kisha ikatoka sauti yake. Ile ya miaka thelathini iliyopita, nyororo, haina hata vumbi.

Alisimama pale. Alimtazama Bwana Ok nyuma ya mashine zake. Ok aliangalia chini. Alimtazama Maeng kando ya jukwaa. Maeng alimwonyesha mdomo wake mwenyewe kwa kidole, akaufungua na kuufunga kama samaki, fanya hivi, fanya hivi.

Hapo ndipo Geum-rye alipokaza midomo. Aliikaza watu waione. Akashusha mikono kutoka kwenye vitufe, akainua kidevu ili kovu la shingoni likae wazi kwenye jua, na akawatazama watu mia tatu, mkeka kwa mkeka, huku binti yule wa zamani akiimba kutoka kwenye spika.

Mwanzoni walipiga makofi ya kufuata wimbo. Kisha makofi yakapungua.

"Mbona haimbi?"

"Mdomo umefungwa kabisa, tazama."

"Ni kanda hiyo! Wanatupigia kanda!"

Ilikuwa ngumu kuliko alivyotarajia. Hakuwa ameisikiliza sauti ile tangu hospitali. Ilipofika "sikushuka" ikapanda kama ilivyozoea kupanda, na yeye kifuani akasikia misuli ikijaribu kuifuata, kama mguu unaotafuta ngazi ambayo haipo. Machozi yakamjia. Hakuyafuta, na mdomo hakuufungua.

Kisha akateremka. Ngazi tano, akodiani kifuani, akapita katikati ya viatu vilivyopangwa mbele ya mikeka, akafika katikati ya wale wanawake wenye kofia. Wimbo kwenye spika ulikuwa bado unaendelea.

"Bwana Ok!" aliita kwa ile sauti ya mlango wa ghala, na watu wa mbele wakashtuka. "Mzime huyo binti apumzike. Kaimba miaka mingi."

Bwana Ok alimtazama Maeng. Maeng alitikisa kichwa kwa nguvu, hapana. Bwana Ok akaitoa penseli sikioni, akaiweka mezani polepole, akazima.

"Ok! We Ok!" Maeng akafoka. "Basi zima yote! Na maikrofoni zima! Tuone!"

Maikrofoni nazo zikazimwa. Lakini akodiani haihitaji umeme. Inahitaji mikono na mapafu tu. Geum-rye akaivuta. Akaanza mstari wa kwanza chini kule anakokaa sasa, taratibu, kwa wale wanaoweza kumsikia. Waliokuwa mbali wakasimama, wengine wakasogea. Kikundi kizima cha wanaume kikaondoka kwenda kwenye banda la nyama ya nguruwe, mmoja wao akisema hakuja kusikiliza mashine ya kukoboa mpunga. Alimsikia. Akaendelea.

Alipokaribia "sikushuka", bibi aliyekaa karibu na goti lake akafungua kinywa. Aliitwa Chae Sun-deok, mikono yake ilikuwa imepasuka kwa kumenya vitunguu. Akaimba mstari ule pamoja naye. Sauti zao zililingana, kavu kwa kavu, na zote mbili zilishuka badala ya kupanda, zikatua chini kama mtu anayekaa kwenye kiti chake na kukataa kuinuka.

Bibi akajishangaa, akacheka. "Jamani, nimeuweza!"

"Umeuweza, mama."

"Miaka yote nilishindwa! Mume wangu alikuwa akinicheka, alisema nalia kama mbuzi. Wewe ulikuwa unaimba huko angani, nani akufuate? Hebu rudia, mwanangu. Rudia toka mwanzo."

Akarudia. Mara ya pili waliimba wanawake kumi. Mara ya tatu hakuweza tena kuisikia sauti yake ndani ya zao, na alipiga akodiani hadi mkanda ukamchubua bega. Hawakuwa watu mia tatu. Labda sitini. Waliobaki walikuwa wamekwenda kula, au walikaa mbali wakitazama kama watu wanaotazama ajali barabarani.

Maeng alimngoja kwenye gari. Shingo yake ilikuwa imeiva kwa hasira.

"Umeniaibisha mbele ya mji wangu. Mwaka kesho usitegemee kuitwa hapa."

"Hata mwaka huu hamkuniita mimi, mwenyekiti," Geum-rye alisema akifunga mlango wa nyuma. "Mlimwita yule wa kwenye spika."

"Na miji mingine nitawapigia. Wajue wewe ni mtu wa namna gani."

"Wapigie. Na namba yangu wape, huwa wanaipoteza."

Maeng alitimiza ahadi yake. Jua lilikuwa bado juu, Geum-rye akiwa njiani kuelekea kusini kati ya mashamba ya mpunga uliopandwa juzi, alipopigiwa na mwanamke wa Galmok. Alizungumza kwa aibu. Jukwaa limepewa mtu mwingine, alisema, wakubwa wameamua, yeye hana la kufanya. Anaomba radhi sana.

"Sawa. Soko mnalo?"

"Soko? La samaki, ndiyo. Kila siku."

"Lina mwenyekiti?"

Mwanamke yule akaanza kucheka, akajizuia. "Halina. Kuna wauzaji tu. Ila dada, kuna kelele, kuna maji, hakuna hata pa kusimama."

"Nitasimama. Wanafungua saa ngapi?"

Akalala kwenye nyumba ndogo ya wageni barabarani. Asubuhi Galmok ilikuwa imeshachangamka, pweza wakihangaika kwenye mabeseni, barafu ikipondwa. Geum-rye alivaa ile nguo ya jukwaani ya rangi ya zambarau, akaingia na akodiani katikati ya njia. Muuzaji mmoja wa kike, mnene, kisu mkononi, alimtazama kuanzia nywele hadi viatu.

"We dada, unauza nini?"

"Wimbo."

"Hapa tunauza vibua." Alimtazama tena, akakunja macho. "Si wewe uliyefunga mdomo jana Neulchi? Dada yangu kanitumia video. Nimecheka mpaka nikajikata kidole."

"Ni mimi."

"Yule mwenyekiti alifanana na kibua aliyelala siku mbili." Akasogeza beseni moja kwa mguu, nafasi ya mtu mmoja ikapatikana. "Simama hapo. Ila viatu hivyo vitaoza, maji yanaruka. Na usiimbe juu sana, nina wateja."

"Juu siendi tena," Geum-rye akasema. Akajipachika mkanda begani pale palipochubuka, akauma meno, akavuta.