Masale ya Mpakani

Mdomo wangu mimi, Mama Elinipendo, utaniua. Binti yangu anasoma famasia chuoni Moshi mjini, na mradi wao muhula huu ni kutengeneza marhamu ya ngozi kwa mimea ya nyumbani. Jumamosi akaja na wenzake, makoti meupe mwilini, mapanga mkononi. Nami kwa kujishaua nikapaza sauti kutoka jikoni ili majirani wasikie: "Kateni mnachotaka, wanangu! Kihamba ni chenu, migomba na yote yaliyomo!"

Wakakata kweli. Nilipotoka na ndizi za kuwakaribisha, nikakuta masale, ile mimea ya majani marefu tunayowekea mipaka, yamejaa kwenye viroba, na mstari wote wa mpakani umelala chini. Masale hayo aliyapanda marehemu mume wangu na kaka yake Eliufoo, siku walipomaliza ugomvi wa shamba.

"Si majani tu, mama? Yataota," akasema binti yangu.

Majani tu! Mchaga mzima, kisa kalelewa bweni, hajui kwamba kukata isale la mpaka ni kumtangazia jirani vita. Nilitaka kumzaba kibao, lakini ruhusa ilitoka kinywani mwangu mwenyewe. Na Eliufoo alikuwa amesimama upande wake, anatazama visiki. Nikamwamkia. Hakuitikia.

Jumapili kanisani akahama benchi letu, watu wote wanaona. Niliona aibu hata nyimbo zikanishinda.

Kwetu ukimkosea mtu unamwendea na jani la isale mkononi, naye hawezi kukukataa. Nikazunguka kihamba kizima. Hakuna hata moja. Yote yako chuoni, yamekatwakatwa, yanakaushwa. Nikaenda mikono mitupu, binti nyuma yangu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Umeshika nini?"

"Sina kitu, shemeji. Tumeyamaliza yote." Machozi yakanitoka.

Akaonyesha nyuma ya nyumba. "Kwenye kaburi la baba yapo. Kachume moja, utoke, uingie upya kwa lango."

Nikachuma. Nikatoka. Nikaingia upya, mtu mzima mimi, nimeshika jani la huyo huyo niliyemkosea, nikampigia magoti, mwanangu akiona. Eliufoo akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimesamehe," akasema. "Jumamosi hao wenye makoti waje tena. Safari hii wapande."

"Ndiyo, baba mkubwa," akajibu Elinipendo. Mimi nilikuwa bado naangalia chini.