Ombi Linalofikiriwa

Hata uzeeni, Dionisia akisikia chuma kikavu kikisuguana, moyo wake ulirudi Naipingo, kwenye pampu ya mkono ya kambi ya karanga. Ililia kama bata, na maji yake yalikuwa baridi hata saa saba mchana.

Mwaka 1951 mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa unafungwa. Matrekta yaliondolewa, mahema yakakunjwa, kisha ikasemwa pampu nazo zitang'olewa. Dionisia aliogopa. Kabla ya pampu ile walichota kwenye mchanga wa mto, mwendo wa saa mbili. Mgongo wa mama yake uliishia kwenye njia hiyo.

Wakati huo alikuwa na miaka arobaini na miwili, akisoma darasa la jioni misheni. Mwalimu Saturnini akawaambia kuwa wajumbe wa Umoja wa Mataifa, wa Baraza la Udhamini linaloiangalia Tanganyika, watapita Nachingwea kupokea maombi ya watu.

"Udhamini?" Dionisia akauliza. "Kwani tumekopa nini hata tuwekewe mdhamini?"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akakuna kichwa. "Hilo waulize wenyewe."

Akaamua kuwaandikia barua. Siku nne aliandika na kufuta, akisali kabla ya kila mstari: "Waheshimiwa wadhamini wetu, hatukukopa kitu. Lakini kama mmesimama kwa ajili yetu mbele ya mataifa, simameni na mbele ya pampu yetu ya Naipingo." Wajumbe walipofika Nachingwea, akaikabidhi kwa mmoja wao mwenye kofia nyeupe.

Jibu lilifika baada ya miezi mitano, kwa Kiingereza, lina mhuri na namba. Mwalimu akatafsiri: ombi limepokelewa, linafikiriwa.

"Haya, mama Felisian," jirani yake Mwantumu akamtania, "lete ndoo tuchote hiyo namba!"

Dionisia akameza aibu, akaitia barua ndani ya kitabu chake cha sala.

Wiki iliyofuata fundi wa mradi, Teofili, alikuja na spana na minyororo. Wanawake wakasimama na madebe yao. Dionisia akakimbia nyumbani, akarudi na barua. Akamnyooshea fundi.

Teofili, aliyejua Kiingereza, aliisoma mara mbili.

"Ombi lenyewe ni la pampu hii?"

"Hii hii, mwanangu."

"Na bado wanalifikiria?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

Akaweka spana chini. "Mama, mimi fundi tu. Nitang'oaje kitu ambacho mataifa bado yanakifikiria? Ngoja nikamuulize bwana mkubwa."

Akapanda gari. Hakurudi.

Mwantumu ndiye aliyewahi kuushika mpini wa pampu. "Dada, omba wasimalize kufikiri!"

Dionisia aliomba. Barua nyingine haikuja, na pampu ikaendelea kulia mpaka wajukuu wakazaliwa. Kila alipofungua kitabu kusali sala ya Malaika wa Bwana, namba ilikuwa pale, wino umefifia, naye alimwombea mtu asiyemjua, huko ng'ambo, aliyeiandika.