Bomba la Saba

Watafiti Arnfinn na Synnøve walipofika kisiwani kwetu Andøya, mwezi wa tatu, nilikuwa na siku kumi na moja sijaongea na mtu, ukiwatoa kondoo. Mama tulimzika kabla ya theluji kuanza. Kaka yangu alishuka kusini kufanya kazi melini. Mimi niliishia shule ya msingi, nikabaki na nyumba, kondoo ishirini na wawili, na ziwa la nyuma ambalo hakuna aliyewahi kulitamani.

Hawa wawili walilitamani. Walitoboa barafu ya ziwa, wakateremsha mabomba ya plastiki mpaka kwenye tope, wakayatoa yamejaa.

"La juu ni tope la juzi," Arnfinn aliniambia. "La chini ni la enzi ya barafu, miaka elfu ishirini na zaidi."

"Na ziwa halikufunikwa na barafu?"

"Utamu uko hapo. Watu hudhani enzi ile dunia nzima ilikuwa friji moja. Wapi. Norwei karibu yote ilikuwa chini ya barafu nene. Kusini mwa Uingereza barafu haikufika, lakini udongo uliganda kama jiwe. Siberia kulikuwa kukavu, hata theluji ni ya kutafuta. Kila mahali na baridi yake. Hapa kwenu, kipande hiki tu, barafu ilipita pembeni."

"Usimsikilize sana, Oddny," Synnøve akasema. "Huyu mtu wa mjini Bergen, kule kusini, baridi anaijua ya vitabuni. Jana kavaa soksi tatu na bado analia."

"Nilikuwa nakohoa."

Nilicheka, nikashtuka kusikia sauti yangu.

Kazi yangu ilikuwa kuyapokea mabomba na kuyatunza kwenye banda la mashua. Jioni walikula kwangu, mikate myembamba ya kuokwa juu ya chuma na jibini la kahawia. Wiki ya tatu Arnfinn akasema ghala lao la mabomba kule mjini Tromsø linahitaji mtu wa kuyapokea na kuyaandika. "Una mkono mtulivu. Njoo. Kule tuko watu kumi na wanne, na wote wanaongea mno."

Nikaenda kwa jirani yangu Halvard kumwomba awachukue kondoo.

"Walete," akasema. "Wageni wasiouliza habari za mguu wangu mbovu ndio ninaowataka."

Wakaanza kuyapasua mabomba. La saba lilimkalisha Arnfinn chini. Upande wa chini lilikuwa na udongo mtupu wa baridi, na kadiri lilivyopanda juu likaanza kuonyesha kuvumwani, vile vimelea vya kijani vya mawe yenye unyevu, na mabaki ya nyasi.

"Wakati huu kwingine walikuwa wanazidi kuganda," akasema polepole. "Nyie huku mlikuwa mnaota majani."

Neno lile "nyie" lilinipendeza. Enzi ile hapakuwa na mtu hapa. Palikuwa na kipande cha majani peke yake, barafu upande huu na bahari upande ule, na ndege. Nilitaka sana iwe kweli.

Walipoenda kunywa kahawa nilibaki nikilitazama. Ndani yake mlikuwa na matabaka membamba ya mchanga. Katika kila tabaka, chembe nene zilikuwa juu na laini chini. Mtu yeyote aliyechota ndoo ziwani kwetu anajua kwamba mchanga mzito hutua kwanza. Nikaangalia la sita, nikaangalia la nane. Kwa yote mawili chembe nene zilikuwa chini. La saba tu lilikataa.

Ndipo nikakumbuka. Siku lilipotolewa la saba, sakafu ya banda ilikuwa na maji, nikayaning'iniza mabomba kwenye miti tunayokaushia samaki. Samaki nimeanza kuwafunga nikiwa na miaka minane: kamba mkiani, mkia juu, kichwa chini. La saba lilikuja la mwisho siku hiyo, vidole vimekufa ganzi, nikalifunga kama samaki, upande mwembamba juu. Upande mwembamba ndio unaochoma tope. Karatasi yake yenye mshale wa kuonyesha upande wa juu ililowa ikabanduka, na asubuhi nikachora mshale mpya ukielekea darini.

Siku mbili sikusema kitu. Synnøve aliniletea ramani ya mabasi ya Tromsø, amezungushia duara kituo changu. Siku ya tatu, tukiwa mezani, nikasema:

"Arnfinn, bomba la saba liko kichwa chini."

"Kivipi?"

"Nililifunga kama samaki."

Hakuelewa, yeye ni wa Bergen. Synnøve, mjukuu wa wavuvi, alielewa. Aliweka kipande chake cha mkate mezani asikile tena.

Arnfinn alikaa bandani na kioo chake cha kukuzia mpaka kahawa ikapoa. Alipotoka alisema, "Basi baridi ilizidi hapa pia."

"Na barafu?"

"Haikufika. Hilo limebaki." Akakaa. "Ungenyamaza nisingejua."

"Mchanga ungekwambia."

"Sikuutazama mchanga. Nilikuwa na furaha." Akakisugua kioo kwa ncha ya shati. "Kule ghalani kuna mabomba elfu tatu, Oddny. Mshale mmoja ukikosewa, hakuna atakayeuona."

"Najua."

Habari za Tromsø hatukuzitaja tena. Waliondoka Ijumaa. Synnøve alinikumbatia akasema ataandika, na ramani hakuiomba.

Nilipita kwa Halvard kumwambia kondoo hawaji.

"Ndiyo kwanza nimewatengea zizi," akasema. Akanitazama. "Utakunywa kahawa?"

Nikasema siku nyingine, kuna kazi nyumbani. Nyumbani nilijikuta nimekoroga unga wa mikate ya watu watatu. Nilioka, nikala sehemu yangu, iliyobaki nikawapelekea kondoo. Walimaliza yote, wakaendelea kunitazama.