Mgeni Aliyewapa Mgongo

Mwaka uliotangulia, mratibu wa hafla wa kampuni ile ya bima alimleta mzungumzaji wa hamasa aliyewashikisha watu wazima mikono na kuwarukisharukisha kama watoto wa chekechea. Mkurugenzi naye alirukishwa. Wafanyakazi walimwita Kufuli, kwa sababu mdomo wake haukufunguka ovyo, na siku ile hakusema kitu. Mwaka huu alisema: hafla ikiharibika tena, mkataba wa mratibu hautaongezwa.

Ndiyo maana mratibu, mama wa watu, alikosa usingizi tangu apatane na mzungumzaji wa mwaka huu, mchoraji wa ramani za majengo. Mada ilikuwa usonji, na jinsi watu ambao akili zao zinafanya kazi kwa namna nyingine wanavyoweza kupewa nafasi kazini. Wataalamu wa kuieleza walikuwapo tele, lakini huyu alikuwa na usonji mwenyewe. Kwenye simu alisema bila kupindisha maneno kwamba nyuso za watu humvuruga, kwa hiyo huzungumza akiwa amewageuzia mgongo, na akaomba wasikilizaji waambiwe mapema. Mratibu akaitikia. Kuwaambia ndiko kulikomshinda. Angeanzia wapi kumweleza Kufuli kwamba kampuni imemlipa mtu aje ampe mgongo?

Siku ikawadia. Ukumbi ukajaa, Kufuli akakaa mstari wa mbele. Mgeni, mwanamke mwembamba aliyevaa raba, akasalimia vizuri, akageuka, akatazama ukuta. Mhasibu mmoja ambaye ulimi wake haujui likizo akanong'ona kuuliza kama ukuta nao umealikwa. Vicheko vikaenea. Mratibu alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Naona hamkuambiwa," mgeni alisema, bila hasira. "Nisameheni. Hata mimi nililelewa nikifundishwa kwamba kumpa mtu mgongo ni utovu wa adabu. Lakini nikiwatazama sitasema kitu, na nimekuja kusema."

Akasema kweli kweli. Alisimulia jinsi alivyoachishwa kazi kwa madai kwamba ana kiburi, kumbe kwenye mikutano alikuwa akitazama meza ili asikie vizuri. Hakujihurumia wala hakumbembeleza mtu. Mhasibu aliacha kucheka, akasogeza kiti mbele. Mratibu, pamoja na hofu yake yote, alimhusudu mwanamke yule. Yeye mwenye macho ya kumtazama kila mtu alikuwa ameshindwa kusema neno moja dogo la kweli.

Ulipofika wakati wa maswali, ukumbi mzima ukawa kimya. Mgeni akasubiri, kisha akasema kwamba kama macho ya wenzao ndiyo yanayowazuia, wageuze viti, kila mtu atazame ukuta wa nyuma. Walichekacheka kwa aibu. Viti vikakwaruza sakafu, na mstari wa mbele sasa ukawa nyuma ya wote.

Halafu sauti ikatoka huko nyuma yao.

"Nina binti mdogo. Hanitazami. Kila jioni nikiongea naye namshika kidevu, namgeuza anitazame. Analia. Nilidhani ananidharau. Huwa anasikia ninachomwambia?"

Mratibu aliitambua sauti ile. Hapakuwa na mtu ukumbini asiyeitambua.

"Anasikia," mgeni alijibu. "Mwachie kidevu, atasikia vizuri zaidi."

Likafuata jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kulisikia kwa Kufuli: kilio cha mtu mzima anayejaribu kukizuia na kinamshinda. Mkataba ulikuwa umemtoka mratibu kichwani kabisa. Alimwonea uchungu yule baba, akamwonea uchungu zaidi yule mtoto, na machozi yakamtoka na yeye. Shingo ya mhasibu ilisogea kidogo, kisha ikarudi mahali pake. Walikaa hivyo, wote wakitazama ukuta, na hakuna aliyegeuka mpaka baba yule alipomaliza kulia.