Vitunguu vya Kitinda

Kutoka dirishani, nyuma ya kioo ambacho mumewe alikiziba pembezoni kwa gundi ili hata hewa isipenye, Mama Siki alimtazama mdogo wake akizamisha upawa ndani ya pipa. Upawa ulizama, ukazunguka polepole, ukaibuka na tango dogo lililong'aa kama limetoka kunyeshewa. Kitinda alilinusa, akaling'ata, akalitafuna ameinamisha kichwa upande mmoja kama mtu anayesikiliza habari. Kisha akacheka peke yake. Kicheko hakikuvuka ua, lakini Mama Siki alikiona, na kukiona bila kukisikia kulimkera maradufu.

Aproni ile ilikuwa yake. Upawa ulikuwa wake, mpini umelika mahali dole gumba lake lilipozoea kukaa. Hata jina lililopakwa rangi juu ya mlango wa karakana lilikuwa lake, si lile alilopewa na wazazi bali lile alilobandikwa na wateja. Utu uzima wake wote alikuwa akisindika matango, karoti na vitunguu vidogo vyekundu kwa siki, akivipanga katika chupa za mdomo mpana, na watu walikuwa wakisema kwamba mkono wake una kitu. Sasa mkono huo ulikuwa umelala mapajani, umepakwa marhamu ya hospitali, hauna la kufanya.

Maradhi hayakumvamia, yalibisha hodi kwanza. Vilianza vipele viganjani, akavaa glavu. Yakafuata machozi kila alipofunua sufuria, akavisingizia vitunguu. Akajikaza kisabuni hadi asubuhi moja midomo ilipomvimba, kifua kikambana, na pumzi ikawa inaingia kwa shida kama uzi mnene katika tundu la sindano. Alikutwa amekaa sakafuni, chupa zimemzunguka pande zote.

Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, hakumficha. Alimweleza kwamba mwili unaweza kuishi na kitu miaka na miaka, kisha siku moja ukakikataa. Kwamba mzio wa namna ile mara nyingi hauondoki. Kwamba siki asiile, asiiguse, wala asikae penye mvuke wake. Mama Siki alimsikiliza kama mke anayesomewa talaka na mume ambaye bado anampenda.

Ndipo alipogundua kwamba siki haikai karakanani tu. Imo katika michuzi ya dukani, katika haradali, katika saladi za watu, hata katika maji ambayo wengine hufutia madirisha. Kila alipoalikwa ilimbidi aulize, na kila alipouliza hakukosekana wa kukunja uso. Kwenye harusi ya binamu yake, shangazi mmoja alimwambia kwamba ni tone tu, na kwamba mtu aliyelelewa na siki haimpendezi kuwaringia wenzake. Akala ili kuyakata maneno. Sherehe iliisha yeye akiwa hospitalini, na shangazi akawaambia watu kwamba mtoto wa kaka yake ana presha.

Hayo yote angeyavumilia. Aliyemshinda ni Kitinda.

Alikuwa kitindamimba wa mama yao, na Mama Siki ndiye aliyemwogesha, akamsuka, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Alikuwa na kazi yake nzuri katika duka la vitambaa. Aliiacha mwenyewe, bila kuombwa, ili karakana ya dada yake isife, na kila aliyesikia alimsifu. Mafunzo yalikwenda mbiombio. Mama Siki alisimama uani, mtandio umemfunika pua na mdomo, akipaza sauti: vitunguu vilale na chumvi, vikamuliwe, siki ichemke na viungo, imiminwe, chupa zifunikwe. Kitinda akiitikia kutoka ndani, "Ndiyo, Dada. Ndiyo, Dada."

Haukupita muda mrefu chupa zikaanza kutoka kama zamani. Kisha zikatoka kuliko zamani. Mpishi wa hoteli, mtu ambaye hakuwa akikubali kupokea chupa ila kutoka mkononi mwa Mama Siki, sasa aliegemea mlango wa karakana akapiga soga na Kitinda mpaka chai ikapoa. Siku moja alivuka ua kuja kumjulia hali mgonjwa, na kwa nia njema kabisa akasema kwamba vitunguu vya siku hizi ni laini, vinateleza wenyewe, wageni wake hawavibakizi. Mama Siki alimshukuru, akamsindikiza hadi langoni. Aliporudi ndani alitoa kabatini shuka zilizokuwa safi, akazifua.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba hakuweza kuvionja. Laiti mdogo wake angesifiwa kwa kuimba, angetega sikio akajua kama sifa ni za haki. Laiti angesifiwa kwa kushona, angeligeuza vazi akakagua mishono. Lakini hiki walichokuwa wakikisifu kilikuwa nyuma ya ukuta ambao mwili wake mwenyewe ulikuwa umeujenga. Alibaki kusoma nyuso za watu, na nyuso zote zilikuwa zimeridhika.

Hata hivyo, macho yake hayakuwa na mzio. Kutoka dirishani alikuwa ameona jambo ambalo hakuna mteja aliyelijua: kila Kitinda alipomimina siki, midomo ya chupa ilifuka mvuke. Alikuwa akiimimina ya moto, moja kwa moja kutoka jikoni. Siki ya moto huvipika vitunguu, ikavilegeza. Yake yeye ilikuwa ikisubiri ipoe kabisa kwanza, ndipo imiminwe. Siku ile ya mafunzo hakulitaja hilo, na kwa kweli alikuwa amesahau tu. Baada ya kuuona ule mvuke hakuwa amesahau tena. Alinyamaza. Na kila ulipopanda alipata faraja fulani, ndogo na chafu, ambayo asingependa mtu yeyote aijue.

Basi ikatokea jioni moja mumewe aliporudi kutoka kazini. Alikuwa seremala, mtu wa maneno machache, na hakuingia nyumbani bila kumbusu mkewe shavuni, vumbi la mbao likiwa bado kwenye nyusi zake. Tangu mke augue alikuwa amejipa ulinzi wa nyumba nzima. Alisoma maandishi madogo ya kila kopo, akatupa kila chupa aliyoitilia shaka. Jioni hiyo alimbusu kama kawaida, akaenda kuoga. Mama Siki alikuwa akipanga sahani mezani alipohisi shavu linamwasha. Alikwenda kwenye kioo. Vipele vilikuwa vimejitokeza pale midomo ilipogusa, vimekusanyika mahali pamoja kama muhuri.

Hakuuliza. Alipaka dawa, akalala upande wa pili. Jioni iliyofuata alimpokea mumewe karibu na mlango na kuvuta pumzi kwa hadhari. Alinuka dawa ya meno.

Mwanamume gani, alijiuliza, hupiga mswaki kabla ya kufika kwake?

Hapo wivu, ambao hadi siku hiyo ulikuwa umekaa kitini kama mgeni, ulivua viatu ukajinyoosha. Kila kitu kikapata maana. Kitinda siku hizi alichelewa kufunga karakana. Kitinda alikuwa amenunua mtandio mpya. Yule seremala asiyejua mzaha alikuwa amesikika juzi akimwambia shemeji yake neno, na shemeji akacheka. Pipa, aproni, mteja, jina juu ya mlango: kwa nini asimalizie na mume? Mama Siki alijichukia kwa kuwaza hivyo, akaendelea kuwaza.

Siku ya pili yake, jua likiwa linaelekea kuzama, alimwona mumewe akipita langoni na kuzunguka nyuma badala ya kuja nyumbani. Mlango wa karakana ulifunguka, ukarudishwa. Alijifunga mtandio puani, akaushika ukingo wake kwa meno, akavuka ua ambao alikuwa amekatazwa kuuvuka. Mlango ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Kutoka ndani alisikia sauti ya Kitinda, ya chini, ya kusihi.

"Niambie ukweli, shemeji. Usinionee huruma."

Mama Siki alichungulia.

Walikuwa wamekaa kila mmoja kwenye kigoda chake, meza ikiwa katikati, na juu ya meza kulikuwa na sahani ya vitunguu. Mumewe alikuwa akitafuna, macho ameyafumba. Kitinda aliutazama mdomo wake kama mwanafunzi anavyoitazama kalamu ya mwalimu inayosahihisha.

"Bado," seremala alisema, kabla hajafumbua macho. "Ni vitamu, sikatai. Ila vya dada yako vilikuwa vinavunjika. Ukiuma, unausikia mlio mpaka sikioni. Hivi vinasalimu amri mapema."

"Kila siku bado."

"Uliniambia nisikudanganye."

"Na usinidanganye. Wateja wanakula chochote. Wewe ndiye umekula vya Dada siku zote." Kitinda alisogeza sahani. "Siku moja watasahau vilikuwaje. Na yeye hawezi kuonja atukumbushe."

Kwa muda Mama Siki alisahau kilichomleta. Alisahau pia kupumua kwa hadhari, na pumzi moja ndefu ikapenya mtandio na kumchoma koo. Akakohoa. Wawili wale wakageuka, wakaruka kutoka vigodani, mikono mbele, kuja kumdaka. Kisha, wakiwa hawajamfikia, wote wawili walisimama ghafla. Mumewe aliitazama mikono yake. Kitinda aliitazama aproni yake. Kulikuwa na siki kwenye vidole vyao, kwenye nguo zao, midomoni mwao. Watu wawili waliompenda kuliko wote duniani walisimama hatua chache tu kutoka kwake, na hakuna aliyethubutu kumgusa.

Alitoka mwenyewe, akishika ukuta. Alikaa kwenye ngazi ya nyumba, upande unaotoka upepo, akatoa mfukoni kichupa cha dawa ya kuvuta alichopewa hospitalini, akavuta, akasubiri. Wao walisimama mlangoni mwa karakana wakimwangalia kifua kikipanda na kushuka. Mumewe alianza kujieleza kutoka huko alikokuwa. Alisema walikuwa hawataki kumtia simanzi, kwamba alikuwa akipiga mswaki, akinawa, hakujua kama hata hivyo hubaki kitu. Mama Siki alimwinulia mkono anyamaze. Haikuwa hasira. Alikuwa akiitafuta pumzi ya kutosha sentensi moja.

"Unamimina ya moto," alimwambia mdogo wake.

"Nini, Dada?"

"Siki. Iache ipoe kwanza. Ipoe kabisa, mpaka ukishika sufuria husikii kitu. Ndipo umimine."

Kitinda aliganda. Aligeuza kichwa kutazama jiko, kisha chupa, kisha, taratibu, akatazama dirisha lililokuwa juu ya kichwa cha dada yake. Alikuwa msichana mwerevu tangu utotoni.

"Umejua tangu lini?"

Angeweza kumdanganya. Neno lilikuwa tayari ulimini, jepesi, na lingepokelewa.

"Tangu wiki ya kwanza."

Kitinda hakulia wala hakupandisha sauti. "Nilidhani mkono wangu ndio mbaya," alisema. Alivua aproni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kigoda, akaenda zake kabla giza halijaingia.

Asubuhi alirudi kazini. Siku kadhaa alipita uani bila kuinua macho. Alitoa salamu, maana alilelewa vizuri, na aliyemlea ndiye aliyekuwa akiipokea salamu hiyo kavu. Mama Siki hakujitetea. Alikuwa amepika maneno mengi ya kujieleza, na kila alipoyapima aliyaona yote yanaanzia kwake na kuishia kwake. Siku moja alimwachia mdogo wake bakuli la uji mlangoni mwa karakana, limefunikwa kwa sahani. Bakuli lilirudi limeoshwa. Halikuwa jambo kubwa, lakini lilirudi.

Sufuria nayo ilitolewa jikoni, ikawekwa sakafuni kwenye ubaridi, na Kitinda akakaa kando yake, kidevu mkononi, akingoja. Alipomimina, midomo ya chupa haikufuka kitu.

Ikaja jioni ambayo mumewe hakumbusu. Alikuwa ameoga hukohuko kazini kwake, amebadili shati, nywele bado zinachuruzika maji, na hata hivyo alikaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mbali naye.

"Vimefika," alisema.

Mama Siki alikuwa amejiandaa kufurahi. Badala yake kitu kilimchoma chini ya mbavu, kilekile cha siku zote. Kile kilichokuwa chake kilikuwa sasa mkononi mwa mtu mwingine, mdomoni mwa mtu mwingine, kizima, bila kumhitaji. Alikiacha kichome. Hakukifukuza, wala hakukitandikia kitanda.

"Kabisa?"

"Kabisa. Nilipouma, nilidhani ni wewe."

"Nieleze."

"Nieleze nini?"

"Vikoje."

Seremala alijisugua magoti. Hakuwa mtu wa kazi hiyo. "Vikali," alijaribu.

"Vikali vipi?"

"Mwanzoni vinakugombeza. Kama mtu aliyekukuta umechelewa." Alifikiri. "Halafu unagundua hakukasirika. Alikuwa anacheka muda wote."

Mama Siki alifumba macho. Mate yalimjaa pembeni mwa ulimi, na hayakuwasha.

"Halafu?"

Mumewe alikivuta kiti mbele kidogo, akasita, akakirudisha mahali pake. Kisha akaanza upya, polepole, tangu pale jino linapogusa.